Baridi ya milima ya mbali, foleni ya Kasumbalesa: nani anampa shofere meteo?

Kasumbalesa haina mlima. Kutoka Lubumbashi mpaka kwenye duwane, kilomita kama 95 za barabara ya taifa namba 1, unapita pori, mifuko ya makala pembeni ya njia na vijiji vinavyouza mahindi, na barabara haipandi wala haishuki kwa namna ya kumtisha mtu. Lakini kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, mji huu unategemea hali ya hewa ya milima ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho. Siku ukungu unapofunga barabara ya Mafinga, kule Tanzania, au theluji inapoanguka Van Reenen, Afrika ya Kusini, habari inafika hapa baada ya siku kadhaa, na inafika bila jina: kontena haionekani, shofere hapokei simu, halafu makamyo yanafika yote mara moja.

Milima ile ina meteo. Serikali za kule zinatabiri baridi, upepo, mvua na theluji, na mara nyingi zinatabiri vizuri. Sasa mbona utabiri huo haumfikii shofere anayetoka hapa na tani 30 za shaba mgongoni?

Shaba yetu inasafiri ikishuka

Tuanze na ramani kidogo, hasa kwa ndugu wa Kivu, Tanganyika na Maniema ambao hawajafika upande huu. Mizigo mingi inayovuka Kasumbalesa inafuata njia mbili kubwa za bahari.

Ya kwanza ni Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000. Shofere anapita Chingola, Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika na Nakonde, anavuka Tunduma. Ndani ya Zambia barabara ni ndefu na inachosha, lakini milima si mingi. Kazi inaanza Tanzania. Anapanda mpaka Mbeya, mji ulio juu ya mita 1,600, anashuka Inyala kuelekea Chimala na uwanda wa Usangu wenye joto, anapanda tena Makambako, anapita msitu wa Sao Hill na Mafinga, anafika Iringa, halafu anashuka Kitonga, kona juu ya kona, mpaka kwenye joto kali la Ruaha Mbuyuni. Anayerudi na mzigo wa bandarini anaikuta njia ile ile kwa kinyume: Kitonga na Inyala anapanda, lakini akipita Mbeya kuna mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, na huo umemaliza watu wengi.

Ya pili ni Durban, kupita kilomita 2,500. Hapo kuna mteremko wa bonde la Zambezi karibu na Chirundu, kisha Zimbabwe nzima, kisha Johannesburg, na mwisho barabara ya N3 inayovuka milima ya Drakensberg kwenye kipito cha Van Reenen, mita kama 1,680 juu ya bahari, kati ya Harrismith na Ladysmith.

Angalia jambo hili: kwenye njia zote mbili, kamyo lililojaa shaba linatoka juu kwenda chini. Sisi tuko juu, bahari iko chini. Kila mteremko mbaya wa njia hizo, shofere wa Katanga anaukuta akiwa amebeba, si akiwa mtupu. Njo maana hewa ya mlima ni habari yetu pia, hata kama mlima wenyewe ni wa watu wengine.

Wakati wa baridi si wakati wa raha kila mahali

Huku Haut-Katanga tumezoea kusema kwamba wakati wa baridi ndio wakati mzuri wa barabara. Ni kweli kwa hapa. Mvua inakoma mwezi wa nne, matope yanakauka, mbingu inabaki bluu mpaka mwezi wa kumi. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linashuka chini ya digri 10, watu wanavaa makoti asubuhi, lakini mchana jua linawaka na gari linatembea.

Shofere akiondoka na akili hiyo, anakosea. Wakati huo huo, upepo wa kusi unavuma kwa nguvu kutoka Bahari ya Hindi, na unabeba unyevu. Ukikutana na milima ya kusini mwa Tanzania, hewa inalazimika kupanda, na hewa inayopanda inapoa. Ikipoa inageuka wingu. Mtu aliye bondeni anaona wingu zuri limekaa juu ya mlima. Shofere aliye ndani ya wingu hilo anaona mita chache tu mbele ya taa zake. Wingu na ukungu ni kitu kimoja, tofauti ni mahali ulipo. Sehemu za Mafinga na Mufindi zinajulikana kwa hali hiyo: ukungu, manyunyu, lami inayolowa bila mvua ya kweli. Makete na Njombe ni baridi zaidi, kuna asubuhi majani yanaamka na barafu nyembamba juu yake.

Watanzania wanauita msimu huo kipupwe, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inautolea utabiri wake kila mwaka kwa miezi ya sita mpaka nane. Inatoa pia utabiri wa kila siku, na maonyo ya ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kila kitu kimeandikwa kwa Kiswahili. Hilo linanishangaza kuliko yote. Mara nyingi tunalalamika kwamba elimu inakuja kwa lugha ya wageni. Hapa iko katika lugha ambayo shofere wa Kasumbalesa, wa Uvira na wa Kalemie anaielewa bila kutafsiriwa, na bado haifiki.

Siku theluji ilipofunga N3

Mfano mkubwa wa karibuni ulitokea kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 21 mwezi wa tisa 2024, theluji nyingi ilianguka Drakensberg na sehemu za juu za Free State na KwaZulu-Natal. Kumbuka, tarehe hizo huku Lubumbashi joto limeshapanda na watu wanaanza kutazama mawingu wakingoja mvua ya kwanza. Nani angefikiria theluji? Barabara ya N3 ilifungwa upande wa Harrismith na Van Reenen. Mamia ya magari, makamyo kwa magari madogo, yalibaki ndani ya theluji, mengine kupita siku nzima. Watu walilala kwenye gari bila chakula, wakizima mota ili mafuta yasiishe. Kuna aliyekufa.

Idara ya hali ya hewa ya Afrika ya Kusini ilikuwa imetoa onyo mbele. Mashine za kompyuta ziliona mapema hewa ya baridi ikikatika na kushuka kutoka kusini. Onyo lilitangazwa. Magari yaliingia tu.

Kwa maoni yangu, somo la Van Reenen liko hapo. Nchi yenye vituo vingi vya kupimia hewa, yenye barabara ya kulipia inayochungwa usiku na mchana, ilijua, na bado watu walikwama. Kati ya mtu anayejua hewa na mtu anayeshika usukani kulikuwa na pengo. Nani alikuwa na haki ya kusema kamyo lisipande jioni ile? Mwenye mzigo anataka mzigo, mwenye gari anahesabu siku, shofere analipwa kwa safari. Barabara inafungwa baada ya kuharibika, si kabla.

Ukiweka hilo juu ya njia yetu ya Dar, ambako hakuna vituo vingi kwenye miteremko, utaona ukubwa wa shida.

Kutabiri jimbo si kutabiri mteremko

Kuna sababu ya kiufundi pia, na inafaa kuielewa kabla ya kulaumu watu wa meteo.

TMA inatabiri kwa kanda. Nyanda za Juu Kusini Magharibi, kwa mfano, ni mikoa ya Njombe, Iringa, Songwe, Mbeya na Rukwa kwa pamoja. Ndani ya kanda hiyo kuna uwanda wa Usangu, ambako mtu anatoka jasho, na kuna Kitulo, ambako mita zinapita 2,600 na mtu anatetemeka. Ukisikia kwenye redio kwamba kanda ile itakuwa na baridi na ukungu asubuhi, ni kweli. Lakini shofere anataka kujua kitu kingine: ukungu utakuwa Sao Hill au Makambako? Utashuka mpaka usawa wa lami au utabaki juu ya miti? Utaondoka saa mbili ya asubuhi au saa nne?

Kusini ni vile vile. Ladysmith iko mita kama 1,000, Van Reenen iko juu yake kwa mita 600 na zaidi. Hiyo ni tofauti ya digri 4 hivi, na siku za namna hiyo digri 4 ndizo zinaamua kama kinachoanguka ni mvua ya kawaida au theluji. Mtu akitazama meteo ya Ladysmith kwenye simu yake na kupanda mlima, ametazama meteo ya mahali pengine.

Utabiri wa mlima unahitaji vitu vitatu vya kawaida kabisa: kipimo cha joto na unyevu kwenye mteremko wenyewe, mtu au kamera inayoona barabara, na saa. Saa ndiyo muhimu kuliko yote. Ukungu mwingi wa kipupwe unajengwa usiku na kuvunjika jua likipanda. Shofere anayeambiwa angoje masaa matatu anapoteza masaa matatu. Asiyeambiwa anaweza kupoteza kila kitu. Ulaya, kwenye milima ya Uswisi na Austria, wamepanga vipimo pembeni ya barabara zenyewe, mpaka joto la lami linapimwa. Sisi hatuna haja ya kufika huko kwa kuanza. Kamera moja juu ya Inyala na kipima joto kimoja Sao Hill vingesema zaidi kuliko picha ya setilaiti iliyo nzuri sana.

Ndege ina meteo, kamyo halina

Na upande wetu? Congo ina METTELSAT, shirika la taifa la meteo, lenye nchi kubwa na vituo vichache. Pale Luano, kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hewa inapimwa kila siku kwa ajili ya ndege. Rubani haondoki bila karatasi ya hewa ya kule anakokwenda. Kasumbalesa, makamyo yanaondoka siku baada ya siku kuelekea milima ya mita 1,700 na zaidi, na kati ya karatasi zote ambazo shofere anapigiwa muhuri, za duwane, za mzigo, za madini, za bima, hakuna hata moja inayosema hewa itakuwaje mbele.

Si kwamba nchi hazizungumzi. Congo, Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini zote ziko SADC, na kila mwaka wataalamu wao wa hewa wanakutana kutoa mwelekeo wa mvua. Lakini huo ni mwelekeo wa miezi, kwa mkulima na kwa mabwawa ya umeme. Barabara haina mkutano wake.

Watu wa mashariki mwa nchi yetu hawahitaji kuelezwa hili kwa urefu. Anayejua Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, anajua kwa nini mashofere wengi walikuwa wakichagua kupita upande wa Rwanda. Na Kalehe, mwezi wa tano 2023, mvua ya siku moja ilipomaliza Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400, swali lililobaki lilikuwa hili hili: nani alijua hewa inakuja, na kama alijua, alimwambia nani?

Freni kwanza, tusidanganyane

Kuna hatari ya kuitupia hewa makosa ya watu. Ajali mbaya za Mbeya za miaka ya karibuni, ile ya Inyala mwezi wa nane 2022 na ile ya Simike mwezi wa sita 2024, ambazo kila moja iliua watu zaidi ya kumi, zilitokea wakati wa kiangazi, na zote mbili gari kubwa la mizigo liligonga magari mengine kwenye mteremko. Shofere yeyote atakuambia kwamba kwenye miteremko ile kinachoua kwanza ni freni, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita breki: zimechakaa, au zimechemka kwa kukanyagwa kilomita nyingi badala ya kushuka na gia ndogo. Mzigo uliozidi unaongeza. Usingizi unaongeza. Hakuna meteo inayotengeneza freni.

Lakini hewa inaondoa nafasi ya kusahihisha kosa. Shofere anayeona mita 300 mbele anaweza kugundua kamyo limesimama kwenye kona na kutafuta pa kukimbilia. Anayeona mita 30 hana nafasi hiyo. Lami yenye manyunyu baada ya wiki za vumbi na mafuta ya gari inateleza kuliko lami ya mvua kubwa. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema tumalize kwanza shida ya freni ndipo tuzungumzie hewa. Shofere mwenye freni mbovu ndiye anayehitaji zaidi kujua kwamba mlima umefungwa na ukungu.

Mpaka kwenye mbabula

Turudi Kasumbalesa, kwa sababu baridi ya mbali ina mkia, na mkia unaishia hapa. Barabara ni kama mfereji: ukiziba juu kwa siku moja na kuzibua, maji yanakuja kwa kishindo. Mlima ukifungwa, makamyo yanajikusanya, yanafunguliwa pamoja, yanatembea pamoja, na yanafika kwenye duwane pamoja. Foleni upande wa Chililabombwe inakuwa ya makilomita, na wadeklarani wetu wanaokaa bila kazi siku mbili wanazidiwa siku ya tatu. Mama anayeuza bukari na samaki pale anaona wateja wengi kwa siku moja na hasara kwa siku mbili.

Na shofere aliye kwenye foleni analala kwenye gari, katika usiku wa digri 7 au 8. Wengine wanaingiza mbabula ndani ya kabini na kufunga vioo. Hili tulisema redioni na tunaliandika tena: makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inamlaza mtu na haimwamshi. Mbabula ikae nje. Hata ikionekana imezimika, majivu yenye moto bado yanatoa gesi hiyo.

Hata hapa bila mlima, asubuhi za baridi zina ukungu wao. Usiku hewa ya baridi inalala chini na kukamata moshi wa makala, wa takataka na wa pori linalochomwa. Saa kumi na moja ya alfajiri, kwenye RN1, unaweza kuona kama wingu la kijivu limekaa barabarani. Linaondoka jua likichomoza. Wenye mabasi madogo ya Lubumbashi wanaotoka usiku ili wafike mpakani kabla ya mlango kufunguliwa, wanapita humo wakikimbia.

Kitu gani kinawezekana

Vituo vya mizani ni mahali pa kuanzia. Kamyo lolote la mizigo linalopita Tanzania linasimama Mpemba, Makambako, Wenda na kwingine ili lipimwe. Ubao mmoja pale, unaoandikwa upya asubuhi na jioni kwa maneno ya TMA, ungefikia mashofere wengi kuliko tovuti yoyote. Kasumbalesa nayo: kila shofere anasimama hapa masaa au siku. Maneno matano kwenye ubao wa maegesho, au dakika mbili za redio kwa Kiswahili na Kibemba, hazihitaji msaada wa kimataifa. Zinahitaji mtu mmoja anayesoma tangazo la TMA, la Zambia na la Afrika ya Kusini kila siku na kulipitisha.

Pingamizi naijua. Bosi atasema meteo inadanganya, na siku mlima utakapokuwa safi baada ya onyo atamkata shofere mshahara kwa kuchelewa. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na ubao hautaitatua. Utabiri unakosea siku nyingine, hata wa nchi tajiri. Kwa hiyo makubaliano ya kusafirisha mzigo yangepaswa kusema wazi kwamba onyo la serikali la ngazi ya tahadhari ni sababu halali ya kusimama, kama vile mlango wa mpaka ukifungwa ni sababu halali. Mwezi wa nane 2024 Zambia ilipofunga Kasumbalesa kwa siku chache juu ya mambo ya bia na vinywaji, kusimama hakukuwa kosa la shofere. Theluji haina tofauti.

Kwa sasa mashofere wamejitengenezea meteo yao: sauti za WhatsApp. Aliyetangulia Makambako anamwambia aliye Tunduma kwamba haonekani mtu. Inafanya kazi, na imeokoa watu. Ila sauti hiyo inasema hewa ilivyo sasa hivi, kwa mtu ambaye atafika pale baada ya masaa mengi. Anayeondoka Tunduma saa kumi na mbili ya jioni atakuta Sao Hill katikati ya usiku, saa ambayo ukungu unajengwa, na hakuna rafiki aliyetangulia anayeweza kumwambia itakuwaje.